Milango Ambayo Haikuwahi Kuwepo

Jumatatu, tarehe 2 Juni

Nimewapigia wateja barua nne kabla ya saa nne. Mbili za kuomba kazi, moja ya kumwomba mwenye nyumba avumilie, moja ya mwanaume anayetaka kumwandikia mkewe aliye Butembo lakini hajui aseme nini. Hiyo ya mwisho nimeitunga mimi karibu yote. Akasoma, akafurahi, akasema ndiyo hayo hayo aliyokuwa nayo moyoni. Umeme umekatika saa tano. Nimevuta waya kwa kinyozi wa jirani, mwenye groupe, ile jenereta ndogo. Kelele yake inanipasua kichwa, lakini bila yeye ningefunga duka.

Saa sita akaingia msichana, mwalimu wa shule ya msingi, chaki bado iko kwenye vidole. Anaitwa Neema. Alikuwa na karatasi tatu za daftari, zimeandikwa pande zote mbili. Baba yake alisema, yeye akaandika. Anataka zipigwe kwenye ordinateur, kompyuta yangu, ziwe safi, zipelekwe kwa mkuu wa shirika lao, jumuiya ya kusali ya mtaa wa Murara.

Nikasoma mstari wa kwanza.

Ni Papa Deo. Papa Deo fundi wa ndege. Miaka kumi na miwili sijaandika jina lake kwenye daftari langu lolote, na leo limekuja lenyewe mezani kwangu, limeletwa na mtoto wake asiyenijua.

Nimemwambia Neema arudi kesho, umeme mbaya. Uongo.

Jumanne, tarehe 3 Juni

Nimepiga barua yote. Imechukua saa mbili, mimi ninayemaliza ukurasa kwa dakika kumi.

Papa Deo ana ugonjwa wa ini. Hospitali wamemrudisha nyumbani, na kila mtu anajua maana yake. Anaomba kitu kimoja tu: arudishwe kwenye shirika. Walimfuta miaka ile, na mtu aliyefutwa kwenye shirika hana wa kuja kusali kitandani kwake, hana wa kumbeba akifa. Majirani wanafunga mlango, basi. Anaandika kwamba anaogopa kubebwa na watu wa kulipwa.

Alifutwa kwa sababu ya wizi. Ilisemwa kwamba aling'oa ile milango inayofunika magurudumu ya ndege yakiwa tumboni, akaiuza kwa wayeyushaji wa mtaa wa Mabanga, wanaogeuza aluminium kuwa sufuria. Kwenye barua anaeleza upya, kwa subira, kama anawaeleza watoto: ndege ile haina milango ya magurudumu ya nyuma. Haikuwa nayo kiwandani. Imetengenezwa hivyo.

Na kwenye ukurasa wa tatu ameweka sentensi moja ya ripoti iliyompeleka gerezani. Hakimu aliisoma kwa sauti, na yeye ameishika kichwani tangu siku ile. Ilikuwa ya Kifaransa. Kwa Kiswahili inasema: milango inaonekana kuwa iliondolewa siku za karibuni.

Nimeiruka. Nimepiga sentensi iliyo kabla yake na iliyo baada yake, nikaziunganisha vizuri, hakuna atakayeona pengo. Neema alisoma haraka haraka akasema asante mama, imependeza.

Mimi mutu mubaya.

Jumatano, tarehe 4 Juni

Saa saba mchana nimesikia ndege inashuka. Nimesikia kabisa ile sauti ya magurudumu yakitoka tumboni, ule mguno, halafu upepo unabadilika. Nikatoka barabarani na kalamu mkononi. Mbingu tupu. Uwanja umefungwa tangu mwanzo wa mwaka, hakuna ndege ya abiria inayoshuka hapa, hata mtoto wa miaka mitatu anajua.

Nilimwuliza kinyozi. Akasema ni groupe yake. Haikuwa groupe yake.

Alhamisi, tarehe 5 Juni

Niandike yote mara moja, nipumue.

Nilikuwa sekretari wa kampuni ndogo ya ndege pale uwanjani. Kampuni ilikufa zamani, jina lake halinisaidii kitu. Kazi nilipewa kwa sababu ya Papa Deo. Tumetoka parokia moja huko Bukavu, alimfahamu marehemu baba. Alinipeleka kwa tajiri mwenyewe, akasema huyu mtoto anajua kupiga mashine, mpe nafasi. Miaka sita nilikula kwa sababu ya mdomo wake.

Kampuni ilikuwa na ndege mbili za Kirusi, za mizigo. Magurudumu yakiingia tumboni milango inajifunga nyuma yake, tumbo linabaki laini. Tulizoea hivyo. Halafu tajiri akakodi ndege ya abiria, 737 ya zamani, rangi imebabuka. Ilikuwa haijamaliza wiki kwetu. Shefu wetu, mtoto wa dada yake tajiri, aliyekuwa akiuza saruji kabla ya kupewa ndege za kusimamia, alikuwa amesimama barabarani Murara ikapita juu ya kichwa chake ikipanda. Akainua macho. Akaona magurudumu mawili meusi tumboni, moja kila upande, wazi, hakuna kilichoyafunika.

Alirudi ofisini jasho linamtiririka. Gurudumu la mbele lina milango, akasema. Ya nyuma hayana. Kwa hiyo kuna aliyeing'oa.

Na mimi nikaona ana haki. Ndege gani inafungwa mbele na kuachwa wazi nyuma? Hakuna aliyefikiri kumwuliza rubani. Marubani walikuwa wageni, wanalala hotelini, wanakuja na kuondoka.

Wiki ile ile kulikuwa na mabamba ya aluminium yaliyokutwa kwa wayeyushaji wa Mabanga. Hapa Goma ndege ikianguka, mwaka unaofuata tunapikia maharagwe ndani yake, hiyo si siri. Papa Deo ndiye aliyeshika funguo za ghala la vifaa. Basi hadithi ikajifunga yenyewe, kila kitu mahali pake.

Walimwita. Aliwaeleza. Alichukua hata karatasi kwangu akachora. Walicheka. Mimi pia nilicheka, kidogo, kwa sababu Shefu alinitazama.

Kisha Shefu akanitolea maneno ya ripoti ya kupeleka parquet, kwa mwendesha mashtaka. Maneno yake yalikuwa mafupi na makavu, muuza saruji. Nilipomaliza, ukurasa ulionekana mwembamba. Nikaongeza sentensi yangu. Ile. Milango inaonekana kuwa iliondolewa siku za karibuni. Sikuwa nimeona kitu. Sijawahi kuinama chini ya ndege ile hata mara moja. Niliiongeza kwa sababu ilikuwa na mlio mzuri, na nilitaka parquet waone kwamba kampuni yetu ina sekretari anayejua Kifaransa.

Hakimu alisema aliyeandika ameona alama za bisibisi. Wiki saba gerezani. Kazi ikaisha. Watoto wa Murara wakaanza kumwita Papa Milango, na shirika likamfuta.

Kuna jambo lingine. Silitaji leo.

Jumamosi, tarehe 7 Juni

Neema amerudi. Alimsomea baba yake barua, akasikiliza akiwa amefumba macho, na alipofika mwisho akasema kuna sentensi imekosekana. Akamwagiza airudishe.

Nikasema samahani, imenipita. Nikairudisha mbele yake, nikipiga herufi moja moja.

Wakati mashine inatoa nakala, Neema akasema baba ameuliza ni nani aliyepiga. Alimwambia ni mama mmoja wa Mabanga, mwenye duka karibu na kinyozi. Akauliza kama mama huyo ni mrefu, ana kovu kwenye kidevu. Neema alikuwa ananitazama kidevu wakati anasema hivyo. Bado hakuwa anajua kitu, alikuwa anauliza tu, kwa uso wa mtu mwema.

Akasema baba anaomba nipite nyumbani, nikipata nafasi.

Nikasema nitapita.

Jumapili, tarehe 8 Juni

Sikupita. Nimeenda misa ya kwanza nikakaa nyuma, nikatoka kabla ya matangazo. Kurudi nyumbani Mapendo nimezunguka njia ndefu ili nisiguse Murara. Nimefanya hivyo miaka kumi na miwili, na wenye moto, zile pikipiki, wananidai zaidi kwa sababu ya mzunguko huo, nikiwaambia napenda upepo.

Naogopa. Si kwamba atanitukana. Naogopa atanisalimia vizuri.

Jumatano, tarehe 11 Juni

Sufuria yangu kubwa ya maharagwe ni ya kuyeyusha. Niliinunua Mabanga mwaka ule ule. Leo nimeiweka kwenye jiko la makala, maji yakaanza kuchemka, mfuniko ukaanza kugonga, na mimi nikakaa kwenye kiti nikisikiliza kama mjinga. Mwisho nikaiondoa motoni, nikala mkate.

Mwanangu Solange amepiga simu kutoka Bukavu. Akasema mama sauti yako si nzuri. Nikasema ni vumbi.

Wateja walikuwa wengi leo. Nimewapigia maneno yao vilevile walivyoyaleta, na makosa yao. Mmoja amelalamika.

Ijumaa, tarehe 13 Juni

Neema amekuja. Hakunisalimia. Kwa hiyo baba yake amemwambia.

Barua ilisomwa jana kwenye shirika. Mkuu wao, Papa Innocent, ndiye aliyemfuta Papa Deo kwa kalamu yake mwenyewe, na si mtu mkatili, lakini anapenda mambo yawe na mguu wa kusimamia. Amesema barua ya mshitakiwa ni neno la mshitakiwa. Alete shahidi. Kama kuna mtu wa uwanja wa ndege wa wakati ule, aje asimame mbele ya watu. Alhamisi ijayo ndiyo mara ya mwisho watakapolizungumza.

Papa Deo hajala tangu jana.

Neema aliyasema yote akiwa amesimama mlangoni, mkono kwenye fremu. Halafu akaongeza: "Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, mama. Kwenye mafundisho ya kanisani waliniondoa viti vya mbele kwa sababu ya ile karatasi yako."

Akaenda.

Jumamosi, tarehe 14 Juni

Nimeenda.

Nyumba ya mbao, juu ya mawe meusi ya volkano kama nyumba zote za pale. Godoro liko sebuleni karibu na dirisha. Papa Deo alikuwa mtu wa mabega mapana. Sasa ni tumbo na macho ya manjano. Nikapiga magoti kumsalimia, akasema kaa kwenye kiti, magoti ni ya kanisani.

Akaanza na ndege. Hakuanza na mimi, wala gereza. Nadhani alikuwa ameingoja nafasi hiyo miaka yote, mtu wa kampuni ile akae mbele yake bila kucheka. Akaniambia ile ndege walikusudia iwe na miguu mifupi, ikae karibu na chini, watu waweze kupakia mizigo kwa mikono kwenye viwanja visivyo na mashine. Viwanja kama chetu. Sasa tumbo liko chini na mguu ni mfupi, mlango mkubwa utaupachika wapi, utafunguka kuelekea wapi? Na kila mlango ni uzito, ni mabomba ya mafuta, ni kitu kimoja zaidi cha kuharibika. Wakaona waache. Gurudumu linaingia kwenye shimo lake, upande wa nje una kizibo laini, pembeni kuna mpira wa kuzuia upepo.

"Gurudumu lenyewe ndilo mulango," akasema. "Hawakuacha wazi. Walifunga na kile walichokuwa nacho."

Akacheka kidogo, akakohoa muda mrefu. Neema alimpa maji.

Kisha akaniuliza kama ile sentensi ilikuwa ya Shefu au yangu. Nikasema yangu. Akaitikia kwa kichwa taratibu. Akasema alijua, Shefu hakuwa na Kifaransa cha namna ile. Akasema pia kwamba kukosea ni kwa kila mtu, kwamba hata yeye kama angekuwa hajasoma ndege angefikiri hivyo hivyo, na kwamba amenisamehe zamani, kule ndani. Anachotaka ni nisimame Alhamisi. Niseme haikuwa kwa kuona, ilikuwa kwa kutunga. Basi.

Nilikuwa naweza kunyamaza hapo. Ningetoka nimesamehewa, mikono safi.

Nikamwambia lile jambo lingine. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu kosa alilonisamehe halikuwa lile lenyewe.

Rubani alikuja ofisini kusaini karatasi za mafuta. Mzungu mfupi. Nakala ya ripoti ilikuwa mezani kwangu, akaisoma kutoka upande wake wa meza, akacheka mpaka akakaa. Akamwambia Shefu, mbele yangu, kwamba ndege zote za aina ile ziko hivyo, za zamani na mpya, hakuna haja hata ya kupiga simu kuuliza. Shefu akacheka naye. Rubani alipotoka, kicheko kikakauka. Akasema tajiri ameshaambiwa, parquet wameshaambiwa, tukirudi nyuma tutakuwa wapumbavu wa mji mzima. Akanitazama akasema, wewe hukusikia kitu. Nikasema ndiyo, Shefu.

Papa Deo akauliza, sauti ya chini kabisa: "Ilikuwa siku ya ngapi, mimi nikiwa ndani?"

Nikasema ya nane.

"Ya nane," akasema. Akahesabu kwenye vidole, nilimwona, kidole kwa kidole. "Mama Neema alikuwa bado muzima."

Mke wake alikufa wiki ya tano. Shinikizo la damu. Alizikwa bila yeye, na watu wachache, kwa sababu shirika lilikuwa limeshajitenga na nyumba ile. Nilijua. Nilisikia siku ile ile, ofisini, nikaendelea kupiga orodha ya abiria.

Papa Deo akageuka ukutani. Nilikaa sijui muda gani. Neema akasema nenda, mama. Hakusema kwa ukali. Alikuwa analia.

Jumapili, tarehe 15 Juni

Sikwenda misa.

Saa nane Neema amenitumia ujumbe kwenye simu. "Baba anasema Alhamisi saa kumi. Useme yote. Hata ya rubani."

Nimeusoma mara nyingi. Hakuna salamu wala jina.

Jumanne, tarehe 17 Juni

Ndege tena, saa saba. Sikutoka kutazama. Nimeweka mikono juu ya meza mpaka ikapita.

Alhamisi, tarehe 19 Juni

Imekwisha. Niandike kabla sijaanza kuipamba.

Walikutana uani kwa Papa Innocent. Viti vya plastiki, mabenchi, wamama wengi, wanaume wachache. Walisali rozari kwanza. Mimi nilikuwa nasali na wao na sikujua nasema nini. Papa Innocent akasoma barua ya Papa Deo tena, yote, na sentensi yangu ndani yake, kwa kile Kifaransa changu. Ilikuwa bado na mlio mzuri. Nilitaka ardhi inimeze.

Nikasimama. Nikataja jina langu na kazi niliyokuwa nayo. Nikasema ile sentensi ni yangu, hakuna aliyenituma kuiweka. Nikasema sikuona kitu. Nikasema ndege haina milango, nikajaribu kueleza miguu mifupi na kizibo na mpira, nikaeleza vibaya, mimi si fundi. Kisha nikasema ya rubani. Siku ya nane. Hapo mama mmoja mbele akaweka mkono mdomoni. Nikasema nilinyamaza karibu wiki sita zilizobaki, na baadaye miaka.

Kuku alipita katikati yetu.

Halafu bibi mmoja mwenye fimbo, amekaa karibu kabisa na mimi, akauliza kwa upole, kama anayetaka tu kuelewa: "Sasa ile milango, nani aliuza?"

Nikamwambia hakukuwa na milango, bibi. Akasema ndiyo, amesikia, lakini nani aliuza? Nikarudia. Akatikisa kichwa, akanionea huruma. Miaka kumi na miwili anaiona ile milango, mikubwa, inang'aa, imelala kwa wayeyushaji wa Mabanga. Mimi ndiye niliyempa, na leo nimeshindwa kumnyang'anya. Na kwenye nyuso za wengine niliona hivyo hivyo. Walikuwa wanaamini kwamba Papa Deo si mwizi. Walikuwa wanatafuta mwingine.

Papa Innocent akaomba daftari la shirika. Akaandika jina la Papa Deo upya, kwa mkono wake, akaandika na la mkewe, na msalaba pembeni. Akaniambia nitie sahihi chini kama shahidi. Nikatia.

Akasema Jumapili wataenda nyumbani kwa mgonjwa, wote. Akamtazama kila mmoja. Akasema atakayebaki nyumbani aje amweleze yeye sababu.

Nilipotoka hakuna aliyenisindikiza hata hadi kwenye uzio. Ni sawa. Nimerudi kwa njia fupi, katikati ya Murara.

Jumapili, tarehe 22 Juni

Walienda. Nilienda nyuma yao, nikabaki nje, kando ya ukuta wa mawe. Nyumba haikuwatosha, nusu yao walikuwa uani. Walileta unga, sabuni, makala ya jiko, na sambaza za kukausha, vile visamaki vya ziwani. Waliimba. Papa Innocent aliomba msamaha kwa sauti kubwa ili hata waliokuwa barabarani wasikie, na akataja makosa yake moja moja, kwamba alimfuta bila kumwita, kwamba alikataza watu kwenda kwenye mazishi ya Mama Neema.

Nilimsikia Papa Deo akijibu sala. Sauti ndogo, lakini alikuwa anawahi kuliko wengine, kama mtu anayekumbuka njia.

Neema alitoka kuazima viti kwa jirani. Akanipita. Akarudi na viti viwili, akanipita tena, kisha akasimama.

"Baba anauliza kama uko hapa."

Nikasema niko.

Akaingia. Nilingoja mpaka wote wakaondoka. Hakutoka tena.

Alhamisi, tarehe 26 Juni

Papa Deo alifariki Jumanne, saa nne asubuhi. Amezikwa jana.

Shirika lilimbeba. Hawakukubali gari kutoka nyumbani hadi kanisani, walipokezana mabegani, wanaume wa avenue nzima, nyumba kwa nyumba, hata wale ambao zamani walikuwa watoto wa kumwita Papa Milango. Mmoja wao alikuwa analia waziwazi, kijana mkubwa, mwenye ndevu.

Nilikuwa mwisho kabisa wa mstari. Nilitupa udongo wangu baada ya wote. Neema aliniona. Hakunizuia.

Sijalia. Najiuliza alitaka kusema nini Jumapili ile, aliponiulizia. Au alitaka tu kujua. Sitajua kamwe, na hakuna wa kumwuliza.

Jumatatu, tarehe 30 Juni

Nimefungua saa mbili. Wateja wamepungua, habari imefika Mabanga. Wawili tu asubuhi. Mmoja aliponiona akasoma barua yake upya kabla ya kunipa, akaikunja, akaenda kwa mwingine.

Saa tano Neema ameingia, amevaa kitambaa cheusi. Ameleta karatasi ya misa ya kumaliza matanga: masomo, nyimbo, maisha ya marehemu kwa ufupi. Kuna wengine watatu wanaopiga barua kwenye barabara hii. Amekuja kwangu.

Hakuketi kwenye benchi la wateja. Alivuta kiti akakiweka upande wangu, bega kwa bega, akasoma kila mstari nikiupiga. Nikimaliza mstari, ananingoja, ananiambia endelea. Alizaliwa Bukavu. Alikuwa fundi wa ndege. Alifungwa bila kosa. Mkewe alimtangulia. Hakuniruhusu kusahihisha hata koma, na sikuomba.

Mashine ilipokuwa inatoa nakala, akauliza, macho yako kwenye karatasi:

"Mama, katika hizi barua zote ulizowapigia watu, kuna nyingine kama ile?"

Nilitaka kusema hapana. Nimepiga barua kwenye meza hii kila siku, miaka kumi na mmoja. Za kesi, za ndoa, za mashamba, za watu wasiojua kusoma wanaotia kidole tu. Nimezinyoosha karibu zote kwa maneno yangu.

Nikasema sijui.

Akatikisa kichwa. Akapanga nakala zake, akazihesabu, akaziweka ndani ya bahasha, akaniambia saa ya misa. Kisha akarudisha kiti mahali alipokitoa.

Sijapiga kitu tangu alipoondoka. Umeme upo.